Gemu ya timu ya kuchora na kubahatisha: mwongozo kamili wa kuicheza nyumbani

Idd ikifika Lamu manyumba yanajaa, wa Mombasa washafika, wa Malindi wamekuja na watoto, walioko Uarabuni wako likizo, na ikishaswaliwa isha watu wameketi kwenye mikeka pale kwenye kiwanda cha ndani, ule ua wa katikati ya nyumba, penye hewa na kila mtu yuko na simu yake. Dhumna inataka watu wanne, keram wanne, bao ni wawili wengine wote watazamaji. Gemu ya kuchora na kubahatisha inabeba watu kumi na wawili kwa mpigo, nyanya na mjukuu wake timu moja, na haitaki pesa. Naipenda sana hii gemu na inaniuma kuona watu wanaijaribu usiku mmoja inawaharibikia wanaiacha, manake inaharibika kwa vitu vidogo tu, maneno yalichaguliwa ovyo, sheria hazikuelewanwa mapema, ama mchoraji anachora tu hasikii wenzake wanasema nini. Hilo la mwisho ndilo kubwa na ntalirudia huko mbele.

Kwa asiyeijua kabisa ni hivi. Mmoja wa timu anachukua kikaratasi chenye neno, anakisoma kimya kimya, anachora, na wenzake wa timu yake wanabahatisha ni neno gani kabla dakika moja haijaisha. Wakipata ni pointi, wasipopata zamu inaenda kwa wale wengine. Anayechora haongei, haandiki herufi, haandiki namba, haonyeshi kwa mikono.

Ile ya sanduku inayojulikana zaidi ni Pictionary, aliibuni Robert Angel alipokuwa mhudumu wa mkahawa kule Seattle, Marekani, ikaanza kuuzwa 1985 na siku hizi iko chini ya Mattel. Ndani ya ile ya zamani kuna ubao wa miraba, dadu, penseli, madaftari, saa ya mchanga ya dakika moja, na kadi ambazo maneno yake yako mafungu matano: mtu, mahali au mnyama ni fungu moja, kitu, kitendo, maneno magumu, na lile ambalo timu zote zinachora kwa wakati mmoja. Ukipata mtu analo sanduku chezeni, lakini kadi ni za Kiingereza na zimejaa mambo ya kwao, utamkuta mtoto wa kijiji cha Matondoni anahangaika kuchora kitu cha barafu ambacho timu yake nzima hawajawahi kukiona. Ya kujitengenezea ni tamu zaidi, kwa hivo mwongozo huu ni wa kujitengenezea.

Vifaa

Anza na karatasi za A4. Karatasi moja ukiikunja katikati mara nne na kukata kwenye mikunjo unapata vikaratasi 16, karatasi nne ni 64, na hivo vinatosha usiku mzima. Hesabu yake ni rahisi, watu wanane kila mtu achore mara mbili ni zamu 16, kila zamu ni dakika moja ya kuchora na kama nusu dakika ya kelele na kubishana, jumla unakaribia dakika 25. Kwa hivo 64 ni michezo minne na ukimaliza minne watu washachoka.

Pa kuchorea ndio pa kufikiria zaidi. Daftari dogo halifai ukiwa na watu wengi, wa nyuma hawaoni wanaanza kupiga soga. Ukiwa na bodi nyeupe sawa, huna, tafuta taili kubwa nyeupe inayong'aa iliyobaki kwenye ujenzi wa mtu, maka ya bodi inaandika vizuri juu yake na inafutika kwa kitambaa. Ama chukua lile jalada la plastiki la kuona ndani, tia karatasi nyeupe, chora juu ya plastiki na ufute. Ukiona mtu ameleta maka isiyofutika na ameshachora kwenye taili usigombane naye, pitisha maka ya bodi juu ya ule mchoro wote halafu futa hapo hapo, inatoka. Na kama ni karatasi tu mnazo, chukua zile kubwa za manila na uzibane kwa vibanio vya nguo kwenye sinia kubwa lililoegemezwa ukutani, kwa sababu mlango wa nakshi hauna pa kuchorea na upepo wa baharini ukipita utakubebea kila kitu.

Taima ni simu, iwekwe mlio wa nguvu. Taa ya kuchajiwa iwe karibu, stima ikipotea katikati ya zamu mnaanza ile zamu upya na neno jipya, hilo mkubaliane mapema. Na chakula kije baadaye tafadhali, mtu aliyetoka kushika viazi vya karai na ukwaju akishika karatasi zenu mchezo wa pili hazisomeki.

Kuandika maneno

Hapa usifanye haraka, manake gemu nzima iko hapa. Asiandike mtu mmoja. Mkiandika wote kila mtu vikaratasi vitano au sita mnapata maneno ya kila rika, kijana ataandika bodaboda na nyanya ataandika kifumbu, kile cha kukamulia tui la nazi, na kila mmoja akichora la mwenzake ndipo raha inapoanza. Mtu akivuta neno alilolitunga mwenyewe, au akavuta ambalo mwenzake wa timu ndiye aliyeliandika na amelikumbuka, analirudisha anachukua jingine.

Neno zuri lina alama mbili, kila aliyepo analijua na halichoreki kwa mstari mmoja. Jua, nyumba, samaki, mnazi, haya ni ya watoto na ya kupashia moto, yasizidi robo. Ya katikati yawe mengi kuliko yote: punda amebeba mizigo, mbuzi ya kukunia nazi, mkate wa mofa, fundi wa kofia, kuvuka kwenda kisiwa cha Manda, jeti ya kushukia boti, kanzu, kiti cha enzi, kupepea mkaa, mtego wa samaki, kusuka mkeka, harusi, mashindano ya punda. Sehemu za kwetu zinakwenda vizuri sana, Ngome, Shela, Kipungani, Siyu, magofu ya Takwa, manake mtu wa hapa hahitaji picha nzuri, anahitaji dokezo tu. Kama nusu ya watu ni wageni kutoka Nairobi punguza hizo, tia Mlima Kenya, matatu, maziwa, chapati, vitu ambavyo kila Mkenya anavijua.

Magumu ni yale yasiyoshikika. Deni. Wivu. Kesho. Umbea. Kusahau. Subira. Tia kama kumi tu, yakizidi watu wanavunjika moyo.

Kuna ambayo msiyatie kabisa. Majina ya mitume na watu wa dini hayachorwi, hilo halina mjadala. Majina ya jirani na jamaa pia msitie, mtu akichorwa tumbo kubwa mbele ya wakweze usiku ushaharibika. Na kama kuna mzee ambaye hapendi sura za viumbe kuchorwa muheshimuni, mchoreni mtu wa vijiti, duara na mistari mitano bila macho wala pua, na hata pasipokuwa na mzee huyo mtu wa vijiti ndiye wa haraka zaidi, hakuna mwenye dakika ya kuchora nyusi.

Vikaratasi kama vinane pigeni alama nyekundu nyuma. Hivo vikitoka ni vya wote, wachoraji wa timu zote mbili wanaliona neno pamoja wanachora pamoja, inayopata kwanza ndiyo inachukua pointi. Ndio sehemu yenye kelele kuliko zote na watoto wanaisubiri hiyo tu.

Kugawa timu

Timu mbili za watu watatu hadi sita. Mkizidi kumi na wawili fanyeni timu tatu, manake timu ya watu wanane kuna watu watachora mara moja usiku kucha. Msiache watu wajigawe wenyewe, vijana watakwenda upande mmoja na wazee upande mwengine na hapo mchezo ushaisha kabla haujaanza. Wapangeni kwa umri, wa kwanza huku, wa pili kule, mpaka mtoto wa mwisho. Mume na mke watenganisheni, na pia wale dada wawili wanaojuana mpaka kwa kukohoa.

Mtoto asiyejua kusoma bado anacheza vizuri tu, mtu wa timu ya pili anamnong'oneza neno sikioni. Mwenye macho mazito akae mbele kabisa. Na kama kuna bibi hataki kuchora katu, mpeni uhakimu, aketi kwenye kiti pembeni, neno lake ndio la mwisho na hakuna wa kumbishia.

Kuketi nako kuna maana. Wanaobahatisha wakae mbele ya bodi, timu ya pili ikae ubavuni waone bodi na waone mkono wa mchoraji, kwa sababu wao ndio wa kushika taima na kukamata makosa.

Sheria zisomwe kwa sauti kabla ya zamu ya kwanza

Herufi hapana, namba hapana. Watu wanadhani wanaelewa mpaka mtu achore saa ya ukutani akaandika 12 juu, ama achore noti ya pesa akaandika 1000, ama achore aliyelala akamwekea zile Z za kukoroma. Zote hizo ni makosa. Saa inachorwa na mishale yake tu, noti ni mstatili wenye duara katikati, usingizi ni mtu amelala chali na mwezi dirishani.

Mdomo umefungwa, hata kuguna. Mikono haionyeshi chochote, huwezi kuchora duara halafu ukanyoosha kidole kwenye ile taa ya juu. Kutikisa kichwa kuna watu wanaruhusu na kuna wanaokataa, mimi niko upande wa kukataa, kwa sababu ukiruhusu mchoraji anaacha kuchora anakuwa wa kusema ndio na hapana kwa kichwa. Kinachoruhusiwa ni kila kitu kilicho juu ya karatasi: mshale, duara la kuzungushia, msalaba wa kufuta, mstari wa kugawa bodi mara mbili neno likiwa na sehemu mbili. Mfano duka la dawa unachora duka kushoto, dawa kulia, ukishapatiwa moja unaipigia vema unahamia ya pili.

Sasa lile la Kiswahili chenyewe, hapa ndipo pana ugomvi mwingi. Neno limeandikwa mvuvi mtu kasema kuvua, apewe au asipewe? Sheria ninayoiona ya haki ni hii: umoja na wingi ni sawa, miti ni mti, lakini mtu sio kitendo na kitendo sio mahali. Mchoraji akisikia kuvua na neno ni mvuvi amzungushie duara yule mtu na wenzake wataelewa wanatakiwa wabadilishe. Lahaja zote zikubaliwe, aliyesema mato amesema macho, aliyesema ndia amesema njia, mtele ni mchele, msimkatie mtu pointi kwa sababu kwao wanasema hivo. Na neno lenye maana mbili chora yoyote iliyo rahisi, neno ni paa unachora paa la makuti hata kama aliyeandika alikuwa na yule mnyama kichwani, mdomo utatoa sauti ile ile na pointi ni halali.

Kosa likitokea, timu ya pili waseme papo hapo, sio baada ya taima. Zamu inakatika, hakuna pointi, tunaendelea. Msikae mkilijadili.

Kuchora

Mtu akisema mimi sijui kuchora mwambie afadhali. Wanaojua kuchora ndio wanaopoteza, anakaa sekunde arubaini kwenye manyoya ya jogoo na jogoo angejulikana kwa kile kilemba cha kichwani tu.

Sekunde tano za kwanza usichore kitu. Jiulize, hiki kitu kina nini ambacho chengine hakina? Chukua punda. Ukianza na mwili, miguu minne na mkia, wenzako watasema mbwa, ng'ombe, mbuzi, farasi, paka, na dakika imekwisha. Anza na masikio mawili marefu, halafu mgongoni weka makapu mawili yananing'inia huku na huku, halafu kuta mbili zimembana ubavuni kama kichochoro. Hata miguu hujafika mtu ashasema punda. Ama chukua vyombo vya bahari. Jahazi, mashua, dau, ngalawa, mtepe, vyote ukichora bakuli na fimbo utaambiwa boti. Ngalawa ina yale matengo ya pembeni, ubao mmoja kila upande, ndio uanze nayo. Jahazi lina tanga la pembetatu na mlingoti umeinama kwenda mbele. Mtepe, kile chombo cha kale cha visiwa vyetu, mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari na tanga lake la mkeka lilikuwa la mraba, basi chora tanga la mraba na kwenye ubavu tia vijistari kama vya mshono, mzee yeyote wa hapa atalitaja kabla hujaweka maka chini.

Anza na kikubwa, malizia na kidogo. Chora kwa ukubwa wa kujaza nusu ya bodi. Na kama kitu hakieleweki peke yake mchoree mahali pake na mtu anayekitumia, kifumbu peke yake ni kikapu tu, lakini nazi iliyokunwa, mikono inakamua, matone yanadondoka bakulini, hapo mtu wa jikoni hakosi.

Sasa lile nililosema ntalirudia. Macho yako kwenye bodi lakini masikio yawe kwa wenzako. Nimeona wachoraji wengi, wenzake wanasema gari, basi, lori, yeye bado anakoleza ile ile mistari aliyoichora mwanzo, anaikandamiza kama anachonga nakshi, na wenzake hawana jipya la kuona kwa hivo wanarudia gari, basi, lori. Sikiliza wanaona nini. Wakiona gari na neno ni matatu, basi gari washapata, waongezee, watu wamebanana ndani, mtu mmoja ananing'inia mlangoni. Wakiwa mbali kabisa, umechora mlima wao wanasema kofia, usijaribu kuutengeneza ule mlima, upigie msalaba mkubwa uanze pembeni kwa njia nyengine. Nusu dakika ikipita bila hata neno moja la karibu badilisha, usingoje.

Maneno yasiyoshikika yanataka hadithi ya picha mbili tatu, na mshale katikati. Kusahau, chora mtu anatoka dukani mikono mitupu, mkoba umebaki kaunta, halafu mtu yuko nyumbani ameshika kichwa. Deni, duka, mteja anabeba mfuko wa unga, mwenye duka anaandika kwenye daftari, kwenye daftari tia mistari tu usije ukaandika. Subira ni mtu kwenye jeti na jua limechorwa mara tatu, linachomoza, liko katikati, linatua, na boti bado haipo. Hiyo ya jua mara tatu ishikeni, inafaa kwa kungoja, kwa siku, kwa kuchelewa, kwa saumu pia ukiongeza tende na kikombe mwishoni.

Kubahatisha

Kubahatisha ni kazi, watu wanadhani ni kukaa. Timu inayonyamaza inashindwa. Sema kila unachoona hata kama unajua sicho, duara, kichwa, mpira, sahani, manake mchoraji anaongozwa na sauti zenu na mkinyamaza mmemwacha peke yake gizani. Usirudie alichosema mwenzako, kama kimekataliwa kimekataliwa. Timu nzuri wanagawana bila kuambizana, mmoja anataja vitu, mwengine vitendo, mwengine anaunganisha. Mchoraji akizungushia duara sehemu fulani acheni kila kitu muangalie hapo hapo, akipiga msalaba sahauni kabisa ile picha, kuna watu bado wanabishania picha iliyofutwa sekunde ishirini zilizopita.

Na mkumbuke anayechora ni nani. Nyanya akichora duara na moshi juu, yaweza kuwa chungu cha wali, lakini mjukuu wake wa miaka tisa akichora duara na moshi ile yaweza kuwa sayari inalipuka.

Pointi

Neno moja pointi moja, msizidishe hesabu. Magumu mkitaka yapeni mbili. Taima ikilia timu ya pili wanapata nafasi moja ya kuiba, wananong'onezana kwa sekunde kumi halafu mtu mmoja anasema jibu moja, wakipata pointi ni yao. Hiyo sheria ndogo inafanya watu wote waangalie bodi wakati wote badala ya kushika simu zamu ikiwa sio yao. Mchoraji abadilike kila zamu kwa foleni, asiwepo bingwa wa kuchora peke yake. Kila mtu akishachora mara mbili mchezo umeisha, yenye pointi nyingi imeshinda.

Raundi ya methali

Hii ndiyo niipendayo kuliko zote na haipo kwenye sanduku lolote. Watu washapamba moto, wekeni pembeni vikaratasi vya kawaida mtoe kumi na mbili vya methali na majina ya leso. Kila mtu aliyelelewa pwani amelala juu ya leso zenye methali, kwa hivo akiona nusu picha anamalizia mwenyewe. Hapa dakika moja haitoshi, toeni mbili, na jibu likubaliwe likitoka lote hata kama maneno yamepinda kidogo.

Siri ni kutochora methali nzima. Chagua vitu viwili vyake vinavyoonekana. Haba na haba hujaza kibaba, chora matone na chombo kinachojaa. Paka akiondoka panya hutawala, mkia wa paka unaishia mlangoni na panya kwenye kiti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, chora mguu wenye bendeji tu na sikio limepigwa msalaba. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, hii waachieni wanaojua vyombo, ukichora chombo kwa ubavu na mshale unakwenda nyuma, unakwenda mbele, halafu unarudi kushuka katikati, baharia yeyote ataitoa yote kwa sauti moja na wale wa bara watauliza ni nini, mzee atawaeleza, na hapo mchezo unasimama dakika kumi kwa hadithi za bahari. Uacheni usimame.

Mkiwa wengi sana, au mkiwa mbali

Harusini watu thelathini ukumbini, zamu zamu haziwezekani. Chezeni ya mbio. Mtu mmoja anakaa katikati na orodha ya maneno kumi, kila timu iko pembe yake na karatasi zake. Mchoraji wa kila timu anakimbia kwa yule wa katikati, ananong'onezwa neno la kwanza, anarudi kuchora, aliyepata ndiye anakimbia kuchukua la pili. Timu inayomaliza kumi kwanza imeshinda. Pembe ziwe mbali ili msisikizane, na wenye mabuibui marefu wawe waangalifu na ngazi.

Jamaa walio mbali nao wasiachwe. Kuna skribbl.io, inafunguka kwenye simu bila kulipa, unafungua chumba chenu wenyewe unawatumia linki, na inakubali uweke orodha ya maneno yenu kwa hivo weka ya Kiswahili. Ila kule jibu linaandikwa na lazima herufi zilingane, kwa hivo chagueni maneno mafupi yenye tahajia moja, msitie maneno ambayo huku tunaandika hivi na kule wanaandika vile. Na kule kila mtu yuko peke yake, mkitaka timu jumlisheni pointi zenu pembeni.

Mkimaliza, vikaratasi msivitupe. Vilivyopatwa vitieni bahasha moja, ambavyo timu zote mbili zimeshindwa bahasha ya pili, na hivo vya pili vipitieni mara moja kabla watu hawajatawanyika: kama aliyeandika tu ndiye anayelijua lile neno litoeni, kama neno ni zuri ila mchoraji alibanwa lirudisheni. Vya methali viwe na bahasha yake. Kila mgeni anayekuja aongeze vitano vyake, na msimu mwengine hamuanzi kuandika upya.